Nyuzi za Tangi la Lori

Kwa maneno ya dobi, anayekaa mlango wa tatu na ambaye Jumanne ile alikuwa anaanika mashuka ya watu, fundi rangi alikuwa amelewa. Dobi hakuona chupa wala hakunusa pumzi ya mtu, maana kati ya kamba yake ya nguo na uwanja wa seremala kuna ukuta na njia ya mikokoteni. Lakini mlio aliusikia. "Tangi likapasuka vipande vipande," alisema pale bombani, na ndoo yake ikijaa aliisogeza pembeni akaweka nyingine, ili asikose nafasi ya kumalizia. "Kipande kimoja kikamkata mzee wa watu mkono, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Na fundi anacheka tu. Pombe ile, jamani. Mtu mwenye akili zake atajazaje upepo kwenye kopo la lori?" Kufikia Jumamosi, mkono ulikuwa umeshakatwa hospitalini na kuzikwa.

Mke wa fundi rangi alikuwa wa nne kwenye foleni. Alisikia yote, na wanawake wawili waliokuwa mbele yake walisikia kwamba anasikia, wakaanza kuzungumza habari za sabuni.

Tangi halikupasuka. Lipo mpaka leo, zima, limelala ubavu chini ya benchi la seremala. Kilichochomoka ni kipande kimoja cha kuungia bomba, kifupi kama kidole gumba, kikiwa kimebeba geji ya kupimia upepo kichwani, na kilimpiga seremala mkono wa kulia kikamvunja vidole viwili. Mkono wenyewe uko palepale begani kwake, umefungwa plasta. Tena fundi rangi hanywi. Harufu ya tina ya kuyeyushia rangi peke yake humuumiza kichwa. Hayo mtaa ungeweza kuyajua kama ungeuliza. Lililobaki walilijua watu watatu tu, wa nyumba moja: kile kipande hakukifunga fundi rangi. Alikifunga mkewe.

Jina lake la kuzaliwa dukani hakuna alitumiaye. Kwenye duka la vifaa vya mabomba anakouza, wateja walimwita Nusu Inchi, mwanzo kwa sababu ya kimo chake, kisha, walipoiona kazi yake, kwa heshima. Mtu akija na kipande kilichovunjika amekiviringisha kwenye gazeti, Nusu hachukui kipimo. Anaingiza ncha ya kidole, anazungusha kidogo, anasema, "Robo tatu, ya kike," na mkono mwingine umeshafika kwenye sanduku lake. Miaka sita, na hakuna aliyewahi kumrudishia kitu. Aliishia darasa la saba. Cheti chake kililiwa na mchwa, lakini kidole, kama alivyopenda kusema tajiri wake, mwenye duka, mchwa hawakukipata.

Kwa hiyo mumewe alipoleta nyumbani tangi la breki za lori kutoka kwa wauza vyuma chakavu, pamoja na mota ya friji iliyokufa upande wa baridi ila bado inahema vizuri, alipata pa kulalamikia. Alitaka kompresa yake mwenyewe, mashine ya upepo wa kupulizia rangi. Ya kukodi ilikuwa inakula nusu ya malipo ya kila mlango anaoupaka. Lakini matundu manne ya tangi yalikuwa na nyuzi za ajabu, ile mikato ya ndani ambamo bomba huzungushwa likashika. Bomba la nusu inchi liliingia kwa kulegalega kisha likagoma. La robo tatu halikutaka hata kusalimiana.

"Mkereza vyuma anasema atanichongea vipande vya kuunganisha," alisema. "Bei ya milango miwili. Siku tano."

"Milango miwili kwa chuma cha ukubwa wa kizibo? Lete hapa."

Ilikuwa alasiri, wako uani, mama mkwe anachambua mchele kwenye ungo. Nusu alichutama akaingiza kidole. Kidole kilimwambia nusu inchi na kitu kidogo juu yake. Hicho kitu kidogo hakukisikiliza. Alizungusha tepu nyeupe mara kumi na tano, akaanza kwa mkono, akamalizia kwa spana. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa tatu ukauma.

"Imeshika," alisema.

Mumewe alipiga magoti akatazama. Nyuzi nyingi zilikuwa bado ziko nje. "Imeshika au imekwama?"

"Miaka sita nauza hivi vitu. Wewe shika brashi zako."

Mama mkwe alicheka mpaka ungo ukatikisika. Mumewe naye alicheka, akamwachia na yale matundu matatu yaliyobaki, kisha akainua mikono kama mtu aliyepokonywa kazi kwa hiari yake. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Nusu siku hizi kuliko mlio wenyewe, ambao hakuusikia. Asubuhi iliyofuata yeye alikuwa dukani, tangi lilikuwa uwanjani kwa seremala linahema, geji inasoma sita, na seremala, mtu wa kupenda kushika kila kipya, aliweka mkono juu ya geji akauliza, "Kwa hiyo pua yake ndiyo hii?"

Watoto wa seremala walipofika mbio kutoka kwenye mashine ya kupasulia mbao, kabla hata damu haijafutwa, fundi rangi aliwaambia, "Nimefunga mimi." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

*

Nusu alitua ndoo uani. Mumewe alikuwa anabandua rangi kavu kwenye kucha kwa ncha ya kisu.

"Dobi anasema ulikuwa umelewa," alimwambia.

"Bora hivyo."

"Bora kwa lipi?"

"Mlevi akiacha pombe watu humpokea. Fundi asiyejua kufunga kitu, huyo harudi."

Mama mkwe alikuwa kizingitini, amenyoosha miguu yake inayovimba. "Mimi sikuzaa mlevi," alisema. "Nilizaa bubu, labda, lakini mlevi hapana."

"Mama."

"Sijasema kitu. Nauliza tu, maana kuuliza si ujinga: aliyefunga je? Yeye haitwi kesho?"

Maana walikuwa wameitwa. Mtoto mkubwa wa seremala alikuwa amepita asubuhi, hakukaa, akasema wanamtaka fundi rangi nyumbani kwao Jumapili saa nne, na kwamba akija na mkokoteni kabisa itakuwa vizuri, asipate taabu ya safari mbili. Kila mtu alielewa. Wanamtoa uwanjani. Na pasipo uwanja hakuna kazi, kwa sababu rangi ya kupuliza huwezi kuipuliza kwenye ua wa wapangaji sita penye nguo na watoto wachanga.

"Mama, sikia," alisema fundi rangi, bila kuacha kucha zake. "Likijulikana ni Nusu, nani atakwenda tena kununua kwake? Tajiri atamweka kwa ajili gani? Na kodi ya nyumba hii inalipwa na mkono gani? Mimi nikikosa uwanja tutakula kwake. Yeye akikosa duka, tutakula wapi?"

"Nimesikia."

"Basi."

"Nimesikia, sijasema nimeelewa."

Nusu alifunika ndoo. Alitaka kusema kwamba hakuombwa ushauri juu ya mkono wake mwenyewe, kwamba jambo lake limegawanywa kama nyama bila yeye kushika kisu. Lakini zaidi ya hapo, chini kabisa, palikuwa na nafuu, na alijua kuwa ni nafuu, na aibu yake ilianzia pale. "Nitasema mwenyewe kesho," alisema.

Mumewe alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. "Mwenzangu," alisema, "usiniongezee."

Hawajamaliza, mteja mmoja akapiga hodi na mkokoteni nyuma yake. Mama mmoja mwenye kabati la vyombo, alilolileta wiki mbili nyuma, likabaki kwenye kona ya ua likingoja kumaliziwa. Nusu ya kabati ilikuwa bluu, nusu mbao tupu.

"Si kwa ubaya, fundi," alisema, akitazama ardhi. "Nina watoto nyumbani."

"Ni kabati tu, dada. Halina upepo ndani."

"Najua. Ni mume wangu kasema."

Alidai arudishiwe kiasi cha rangi isiyopakwa, na fundi rangi alimrudishia, akahesabu mbele yake, na mama yule alihesabu tena. Kisha kabati halikupata wa kulinyanyua upande wa pili. Nusu ndiye aliyelinyanyua. Bluu ilikuwa haijakauka sawasawa chini ya kitasa, ikabaki viganjani mwake mpaka dukani.

*

Zamu yake ya Jumamosi huanza saa sita. Walikuja watu wa koki, watu wa viungio, mmoja wa mfuniko wa tangi la maji ambaye hakununua. Kwenye saa tisa akaingia fundi wa malori, mtu mnene anayependa kuegemea kaunta, akaweka mbele yake kichwa cha chuma kilichokatwa kutoka kwenye tangi la breki.

"Nusu wangu. Nitafutie cha kuingia humu."

Aliingiza kidole. Alijua kabla hakijazunguka. Nusu inchi, na kitu kidogo juu yake.

"Nusu inchi," alisema, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea.

Fundi wa malori alicheka kwa furaha, kama mtu aliyemwona padri akijikwaa. "Leo nimekupata. Hii siyo ya inchi kabisa, mama. Hii ya milimita. Ishirini na mbili. Malori yote hayo ni milimita. Najua huna, nimekuja kukupima tu."

"Tofauti yake ni ndogo."

"Ndogo ndiyo mbaya. Ingekuwa kubwa ingekataa, yakaisha. Sasa hii ukiweka nusu inchi inaingia mizunguko mitatu halafu inakaza. Mjinga anadhani imeshika. Kumbe imebebwa na nyuzi mbili tu, tena kwa ncha, na tepu ndiyo inayoficha pengo. Ujaze upepo humo uone. Inakutemea."

Tajiri aliinua kichwa kutoka kwenye droo ya fedha. "Si ndiyo iliyomtokea yule fundi ra..." Akakohoa. Akapanga noti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Samahani, Nusu. Sikukusudia."

"Hapana neno."

"Ila na mumeo naye," alisema tajiri kwa sauti ya upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko tusi. "Mtu ana mganga chumbani, anakwenda kufa na homa barabarani. Angekuuliza tu wewe. Hakukuuliza, eti?"

Fundi wa malori alikuwa anasubiri jibu pia, kwa huruma, ameegemea kiwiko. Nje mtu alikuwa anapiga honi. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno lolote katika maneno yote aliyonayo binadamu.

"Hakuniuliza," alisema Nusu.

"Wanaume," alisema tajiri, akatikisa kichwa, akampa fundi wa malori chenji ya koki aliyoichukua.

Jioni alipokuwa anafagia chini ya kaunta, Nusu aligundua kuwa tangu saa tisa alikuwa anawahudumia wateja kwa kutumia kipimo cha chuma kilichoning'inizwa ukutani. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alimsifu kwa kuwa makini.

*

Nyumba ya seremala haina kiti kizima. Vizuri vyote vimeuzwa. Watoto wake wawili walikaa kwenye kochi lililotolewa sponji, seremala mwenyewe kwenye kiti cha mkono mmoja, na plasta yake nyeupe ikiwa imelazwa juu ya mto kama mgeni wa heshima. Mama mkwe alipewa kiti karibu na mlango kwa sababu ya miguu. Nusu alikaa kwenye mkeka. Fundi rangi aliachwa amesimama, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, hakukaa. Mkokoteni hakuja nao. Alisema atarudi nao kama itabidi.

Mtoto mkubwa aliweka kile kipande mezani, geji bado iko kichwani, kioo kimepasuka. Tepu nyeupe ilikuwa imening'inia kama utumbo wa kuku.

"Tueleze ulivyofunga," alisema. "Tujifunze."

Fundi rangi akaeleza. Alisema alizungusha tepu mara tano. Alisema alianza na spana moja kwa moja. Alisema alikaza mpaka akachoka. Kila neno lilikuwa si kweli na si la kazi. Ni mambo ambayo hata mtu wa kununua koki ya kwanza maishani hafanyi. Alikuwa anadanganya vibaya, kama mtu aliyevaa koti la mwenzake, mikono haijui pa kutokea. Nusu, kwenye mkeka, alitambua kitu kilichomfanya ashushe macho: mumewe alikuwa anajifanya mjinga makusudi, mjinga kupita kiasi, ili asifanane naye kwa lolote.

Mtoto mdogo alicheka kwa pua. "Hata tepu umeizungusha kinyume, basi."

"Labda."

"Hujui?"

"Sijui."

"Na una mke anauza mabomba," alisema mkubwa. "Mji mzima wanakwenda kwake. Wewe unalala naye kitanda kimoja. Hukumwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

Fundi rangi alitafuta neno kwenye sakafu. Alilipata. "Kiburi," alisema.

Kwenye kiti chake, mama mkwe aliacha kujipepea.

Nusu aliweka kiganja chini, akanyanyuka nusu. "Mzee," alisema, "kuna jambo mimi..."

"Ngoja, mwanangu," alisema seremala. "Na mimi nipeni nafasi. Tangu asubuhi wanazungumza hawa, na mkono ni wangu."

Nusu akabaki vile alivyo, hajakaa wala hajasimama.

"Nimesikia nimekufa," alisema seremala. "Juzi kuna mtu kaleta sukari ya msiba, nikamkuta mlangoni mwenyewe, akaona haya, akaondoka na sukari yake." Alisubiri mtu acheke, mama mkwe tu ndiye aliyeguna. "Hawa vijana wanataka huyu aondoke. Nawaelewa. Lakini wao hawakai na milango isiyopakwa, nakaa nayo mimi. Fundi aliyekuwepo kabla ya huyu alipaka rangi ikachuruzika kama machozi, wateja wakanirudishia. Huyu rangi yake imelala. Ujinga wake uko kwenye mabomba, haumo kwenye rangi."

"Baba," alisema mtoto mkubwa.

"Sijamaliza. Lile tangi nimewakataza wasilitupe. Vidole vitapona kwa wiki sita, daktari kasema, ingawa hiki cha shahada kitabaki kimenyooka, nitakuwa namwonyesha kila mtu njia. Haya. Ile milango ya shule tuliyopewa kutengeneza haiwezi kungoja wiki sita." Alijigeuza na kiti chake, kwa shida, mpaka akamwelekea Nusu aliyekuwa kwenye mkeka. Sauti yake ikashuka, ikawa ile ambayo mtu mzima humtunzia binti yake. "Juzi nimemtuma huyu mdogo akuulizie dukani kwenu. Tajiri wako amesema tangu akuajiri hujawahi kukosea. Si kweli?"

Nusu aliinamia mkeka, akaunyoosha ukingo wake. Mzee akalichukua lile kuwa ni unyenyekevu, akafurahi.

"Unaona. Asiyejisifu. Basi sharti langu ni moja. Mumeo abaki uwanjani, kazi iendelee. Ila chochote chenye pumzi ndani yake, bomba, tangi, hata mpira wa baiskeli, kipite mkononi mwako kwanza. Wewe ufunge, wewe useme kimeshika. Ukisema wewe, mimi nitaweka na huu mkono wa pili juu yake, siogopi. Ukikataa, achukue madebe yake leo. Ahadi yake siitaki, nimeshaiona. Nataka yako."

Mtoto mkubwa aliangalia dari. Hakuridhika, lakini hakupinga. Mdogo alikuwa ameshaanza kukikunja kile kipande kwenye gazeti, kama kitu ambacho kesi yake imekwisha.

Nusu alimtazama mumewe. Kwa muda wa siku tano alikuwa hajui kama mumewe anamlinda kwa mapenzi au kwa hesabu, au kwa ile haya ya mwanamume kusema kazi yangu nilifungiwa na mke wangu. Sasa alimwona amesimama katikati ya chumba cha watu, mikono imeunganishwa mbele, na midomo yake ikatamka bila sauti neno moja, na kwa kuwa wameishi pamoja alilisoma bila taabu. Kubali. Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anamtazama yeye, macho makavu, hamsukumi wala hamzuii.

"Kwa hiyo, mwanangu," alisema seremala. "Utanifungia?"

Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, ukavuka meza ukafika juu ya mkeka, mbele ya uso wa Nusu, ukakaa pale umefunguka, unangoja.